Nukta za Kijani

"Mama mdogo, hutabakiza hata moja?"

Nilimuuliza hivyo siku aliyonipitisha kazini kwake, bado niko shule ya msingi. Alikuwa na pamba yenye spiriti mkononi, anafuta nukta kwenye vioo. Alichukua kioo kingine.

Mama mdogo yuko maabara ya hospitali. Nyama ikitolewa mwilini mwa mgonjwa, yeye huikata nyembamba kuliko karatasi, huitia rangi na kuilaza kwenye kipande cha kioo. Zamani kioo kilitoka kwake kikaenda meza ya pili, kwa mumewe, baba mdogo, daktari wa hadubini. Akiona saratani, aliweka nukta ya wino wa kijani juu ya kioo, pale pale ilipojificha. Wenzake walimwita Bwana Nukta. Nyumbani alinitia nukta puani.

"Huyu ana ugonjwa wa maswali."

"Tena hauna dawa," mama mdogo alidakia.

Baba mdogo alifariki ghafla. Muda si mrefu hospitali ikaleta mashine ya kupiga picha vioo vyote vya zamani, ili kompyuta ijifunze kutambua saratani yenyewe. Kumbe kompyuta nayo ni kama sisi kwenye mtihani, ilichungulia majibu. Haikuhangaika na nyama, ilitafuta nukta. Kioo kisicho na ugonjwa, kalamu imekigusa kwa bahati mbaya tu, ikakiita saratani. Ikaamuliwa nukta zote zifutwe kwanza.

"Tumpe mtu mwingine, dada," mkuu wake alimwambia.

"Mwingine atazikwangua kama uchafu," alisema, akavuta kiti.

Akafuta kabati baada ya kabati, alama zote za mkono wa mumewe.

Wiki iliyopita, niko sekondari sasa, alinionyesha zile picha kwenye kompyuta. Waridi na zambarau, safi kabisa. Macho yangu yakawa yanazunguka pembeni kutafuta kijani. Akaniona.

"Ule ugonjwa wako bado unao."

Alizima skrini.

"Kioo kimoja nilikitia mkobani na nukta yake. Nikalala nacho chini ya mto. Halafu nikawaza, ile ni nyama ya mama wa mtu, si yangu. Baba yako mdogo angenigombeza. Nikakirudisha, nikafuta kwa kidole, bila pamba, rangi ikabaki kidoleni. Siku zile, mwanangu, nilikuwa nanawa mkono mmoja tu."