Nyumba Tuliyoinunua Kolwezi

Juzi, nikitafuta nyumba ya kupanga, niliona ukutani maandishi "Nyumba hii haiuzwi", nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu Kolwezi.

Baba alikuwa ameinunua nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mama hakutaka.

"Tata Ngalula, tupange tu kwanza. Batu habatupende," alimwambia, akimwita baba kwa jina langu.

"Mi nilizaliwa hapa," Baba alisema. Wazazi wake ndio waliotoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini.

Alasiri hiyo nyumba ilinukia rangi mbichi. Vijana wakaja wakigonga masufuria na kuimba, "Bilulu batoke!" Bilulu ni wadudu. Nilifurahi, nikidhani wamekuja kupuliza dawa ya mende jikoni. Nilimwambia Mama atoe vyombo. Yeye alikuwa akifunga nguo zetu kwenye kitenge huku akilia. Leo najua wadudu tulikuwa sisi, watu wa Kasai waliokuwa wakifukuzwa mjini.

Jirani yetu alisimama mlangoni. "Tata, lete funguo."

Baba akampa. Kisha, kwa sauti aliyozoea kuwakaribishia wageni, akamwonyesha mlango wa nyuma uliokuwa ukikwama.

"Inua kidogo kwanza," alimwambia, "halafu sukuma."