Wameshindwa, Wanaenda

Nyachangkuoth anafua mashuka katika hoteli moja ya Hai Amarat, mjini Juba. Alikulia kambini Kakuma, akarudi Juba na binti mrefu aliyeinama kwenye kila mlango wa mtaa wao wa Gudele. Binti huyo, Nyaruot, sasa anacheza mpira wa kikapu katika chuo kimoja huko Marekani. Kuhusu mchezo wenyewe mama anajua jambo moja tu: mpira ukiingia, ni vizuri.

Jioni ya fainali ya vyuo vya ukanda wao, Jepchirchir, Mkenya wa mapokezi, aliegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, wakatazama pamoja.

"Anayeshinda hapa anaenda mashindano ya taifa zima," Jepchirchir alimweleza. "Anayeshindwa, basi."

Nyachangkuoth alipiga vigelegele kila mpira ulipoingia, mpaka Jepchirchir akamshika mkono. "Mama Nyaruot, hao si wetu!"

Mwishoni kabisa Nyaruot alirusha mpira. Ukazunguka juu ya chuma cha kikapu, ukatoka. Mchezo ukaisha. Msichana akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa jezi yake, na mama akajifunika kwa shuka alilokuwa ameshika.

Alipofunua macho, mchezaji mmoja wa timu iliyoshinda alikuwa juu ya ngazi na mkasi.

"Mbona anakata wavu? Si wameshinda? Amekasirikia nini?"

"Hiyo ndiyo furaha yao. Kila mshindi hubaki na kipande."

"Kuharibu?"

Jepchirchir alicheka.

Baadaye kidogo simu ya Nyachangkuoth ikalia. Alikuwa Nyaruot, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mama, tunaenda!"

"Mmefukuzwa?"

"Hapana! Tunaenda mashindano ya taifa."

"Lakini nimekuona umeshindwa. Kwa macho yangu haya."

"Tumeshindwa, ndiyo. Lakini chuo cha wale walioshinda kimepanda daraja la michezo juzi tu, na kuna miaka ya kungoja kabla ya kuruhusiwa kwenda huko. Kwa hivyo nafasi imekuja kwetu, wa pili; tumeambiwa sasa hivi."

"Wale wasichana walijua?"

"Tangu mwanzo."

"Na wakacheza vile?"

"Wakacheza vile, Mama."

"Umemsalimia yule wa ngazi?"

"Bado."

"Nenda."

Asubuhi majirani wa Gudele walifika, wengine wakitoa pole, wengine hongera. Tombe, aliyekulia Uganda, alisimama mlangoni na mkungu wa ndizi. "Mama, sisi iko na pole ama iko na hongera?"

Nyachangkuoth alifikiri. "Ingia tu, kunywa chai."

Jumapili mchungaji alitaka kutangaza ushindi kanisani. Nyachangkuoth alimsihi aseme tu kwamba mtoto anasafiri. Wenzake walipoimba, yeye aliwaombea wasichana wa timu ile nyingine, ambao hakujua hata majina yao, kisha akajiuliza kama maombi hayo yalikuwa ya kumsaliti mwanawe.

Huko kwenye mashindano ya taifa, timu ya Nyaruot ilifungwa vibaya mechi ya kwanza. Alipopiga simu, mama aliuliza kwa tahadhari, "Na sasa?"

"Sasa hakuna, Mama. Imeisha."

"Kweli kabisa? Hakuna kanuni nyingine?"

"Hakuna."

"Haya. Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza," alisema, "halafu unieleze wewe ile ya wavu, polepole."