Mzee aliposimama na kusema "Mheshimiwa Spika"

Jamani, leo mimi MC mzima nimelia mbele za watu.

Tulikuwa ukumbi wa kanisa hapa Makoko, tunampongeza mbunge wetu mstaafu. Huyu mzee alikuwaga anatusemea bungeni tangu sijaanza shule.

Nikampa maiki atoe shukrani.

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika..."

Kisha vicheko huko nyuma.

Hata hakusikia. Akaanza kuomba maji ya bomba ya Nyakato. Maji yenyewe tunakunywa siku nyingi, na ni yeye aliyeyapigania!

Hapo wewe ungefanyaje? Mimi nikasogea nichukue maiki kistaarabu. Mkewe akanikata jicho, nikarudi nyuma.

Halafu mama yule akaanza kugonga meza, kama wabunge wakimuunga mkono mwenzao. Meza ya jirani ikafuata. Mara ukumbi mzima tunagonga, soda zinamwagika!

Mzee akatabasamu, kisha akasita.

"Mheshimiwa Spika, kengele imeshalia?"

Bungeni kengele ikilia, muda wako umeisha.

Mkewe akamshika mkono. "Leo hakuna kengele, Baba Bhoke. Wewe ongea tu."