Siku Shangazi Domitila Alipolikataa Neno "Mzuri"

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za usichana wangu, mwanangu, ni ile niliyoshuka Mbamba Bay na Shangazi Domitila kwenda kumchunguza mchumba wa dada yangu. Tuliondoka Mbinga baridi ikiwa bado imekaa juu ya mibuni, tukapanda lori la mahindi, na kadiri tulivyoshuka zile kona ndivyo tulivyovua, kwanza sweta, kisha kitenge cha pili, hadi ziwa lilipoonekana tulikuwa tunatiririka jasho. Siku hizi mnashuka kwa lami, mnasinzia njia nzima. Sisi tuliimba.

Nimeikumbuka kwa sababu mjukuu wangu amerudi kutoka shuleni na kazi ya Kiingereza. Wameambiwa walichukue lile neno lao la kusema kitu ni kizuri, waandike maneno mengine yanayokaribiana nalo na kueleza kila moja linatumika wapi. Analalamika kwamba yote ni yale yale. Nikamwambia hata kwetu si yale yale, akae nimsimulie. Na wewe kaa.

Dada yangu Skola alikuwa ameposwa na Gervas, mvuvi wa ziwani aliyekuwa akileta samaki sokoni Mbinga. Baba hakumjua yeye wala ukoo wake. Desturi yetu ilikuwa kwamba kabla posa haijajibiwa, mama mtu mzima anatumwa huko kwa kina mchumba akaulize habari zake bila kujitangaza. Shangazi alibeba maharage, maana wanawake wa milimani walishuka kila mara kubadilishana maharage na usipa, wale dagaa wa ziwani, na hakuna ambaye angemshangaa. Mimi nilikuwa mwenzake wa safari. Skola tulimwacha shambani anapalilia, anasubiri tumletee maisha yake.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Shangazi alipima maharage huku akiuliza, kama mtu asiyejali, huyu Gervas ni mtu wa namna gani. Mwenye duka akasema mzuri. Mama mmoja wa kwaya akasema mzuri sana. Mzee aliyekuwa anashona nyavu akasema ni kijana mzuri, akatutakia na safari njema. Nilifurahi, nikamwambia Shangazi tukatafute gari, kazi imeisha.

"Haijaanza," alisema. "Hilo neno hata mbuzi wanapewa."

Akakaa mchangani, akavua viatu, akaanza kunisomesha. Mchangamfu utamfurahia mkikutana njiani, lakini mkarimu utamjua ukifika kwake na njaa. Mkimya si lazima awe mpole; mpole ni yule uliyemwona amekasirika akajizuia. Mchapakazi ana kazi zake za kuonyesha, uzionyeshwe. Kuhusu mwema, alisema watu wa kanisani wamelifanya neno la marehemu tu, na huo aliuona ni uchoyo. Aliendelea hivyo jua likituchoma. Ningependa kukwambia nilisikiliza kwa makini, lakini nilikuwa na njaa na nilimwona ni mama mgumu anayetaka kumharibia mwenzake harusi.

Jirani wa Gervas alikuwa mjane, Bibi Agnesi. Tulimkuta anageuza usipa juu ya uchanja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na alipoulizwa naye akajibu mzuri. Hapo Shangazi akafanya jambo ambalo mjumbe wa posa hafanyi. Aliweka debe la maharage chini, akasema sisi ni nani.

"Dada, mimi sikuja kwa ajili ya usipa. Nina binti nyumbani anaposwa. Usinipe mzuri."

Bibi Agnesi aligeuza samaki wake muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba kumsema mtu wakati wa posa ni kumvunjia ndoa, na hakuna anayetaka lawama hiyo, ndiyo maana kila mtu hujibu mzuri, muulizaji akaridhika akaenda zake.

"Mchangamfu siyo," alisema. "Anaweza kushinda na wewe kutwa asikwambie neno. Hasira zake ziko karibu. Lakini mume wangu alipozama, huyu kijana alianza kuniwekea samaki hapa kwenye uchanja alfajiri, kabla sijaamka. Mpaka leo. Hajawahi kunifanya niombe, wala hajawahi kungoja nimshukuru. Huyo ni muungwana."

Shangazi akauliza Gervas akikasirika anafanya nini. Akajibiwa kwamba anachukua nyavu zake, anakwenda kukaa nazo ufukweni mpaka hasira zimtoke.

Tuliporudi, Baba alitaka neno moja tu, kijana ni mzuri au si mzuri. Shangazi akakataa. Akaagiza Skola aitwe, ingawa si kawaida binti kukaa kwenye maneno hayo, akamweleza yote, ukimya, hasira, samaki wa mjane. Hakupunguza wala hakutia chumvi. Skola akasema, "Basi huyo namuweza." Ameishi naye hadi leo. Wanagombana, mzee anakwenda na nyavu zake, anarudi.

Wakati tunachambua mchele wa harusi nilimuuliza Shangazi kwa nini alihangaika vile. Alikuwa akiishi kwetu tangu nipate akili, na sisi watoto tulidhani ni mapenzi ya kaka na dada tu.

"Mimi nilipoposwa, mama alitumwa kijiji cha Ukata kuuliza," alisema. "Wote wakamwambia mzuri. Wala hawakumdanganya, alikuwa mzuri barabarani. Nilikuja kumjua mlango ulipofungwa."

Akaendelea kuchambua mchele. Mimi nililia, nikajifanya ni vumbi la pumba.

Ndiyo maana nakusihi, mwanangu. Mtu akikuuliza habari za mtu, usimpe neno jepesi ili aondoke. Huenda nyuma yake kuna binti amesimama shambani anasubiri. Tafuta neno linalomfaa huyo mtu na si mwingine, na kama lina upande mchungu, useme na huo kwa adabu. Na wewe ukiulizia, usirudi na la kwanza ulilopewa. Mungu akujalie ulimi usiokwepa, akupe majirani wenye ujasiri wa kukusema ulivyo, na nyumba unayoingia mlango ukifungwa, akuwekee humo amani.