Oili ya Pikipiki ya Nyumba Mbili

Harufu ya oili iliyochoka, ile nyeusi inayotoka injini ikiwa bado moto, hunirudisha kwenye uwanja mdogo uliokuwa kati ya nyumba yetu na ya Papa Gentille kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Papa Gentille, tuliyemwita hivyo kwa jina la mtoto wake, alikuwa mfugaji wa milimani. Baba yangu, mkulima wa bondeni. Huko Kivu Kusini, Kongo, tulikotoka, vita vilikuwa vimewafikisha watu wa pande zao mahali pa kunyimana hata kaa la moto. Lakini ukimbizini walichanga, huyu kwa magunia ya mahindi, yule kwa ndama, wakanunua pikipiki moja. Asubuhi Papa Gentille alichukua maziwa kwa wafugaji wa Masha na kuyapeleka mjini Mbarara. Mchana baba alibeba abiria wa Base Camp, penye soko la kambi. Jumapili pikipiki iliegemezwa ukutani, imeoshwa, nasi watoto tulikatazwa kuigusa kana kwamba ni Biblia ya mchungaji.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la nne, zamu ya kununua oili ilimwangukia baba. Alirudi kutoka mjini na chupa inayong'aa, akaifuta vumbi kwa pindo la shati kabla ya kumwonyesha mwenzake.

“Papa Neema, ile yetu ya siku zote haikukuwa?” Papa Gentille aliuliza.

“Ilikuwa. Lakini hii njo ya muzuri kabisa, ya magari ya bakubwa.”

Kipendacho moyo ni dawa. Baba aliimimina taratibu, nyepesi, rangi ya asali, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemlisha mgonjwa wake kitu alichojinyima mwenyewe.

Haikuchukua muda, pikipiki ikaanza ugonjwa usioeleweka. Injini ilinguruma, gurudumu likakataa kuvuta, hasa penye mlima. Siku moja Papa Gentille alikwama na madumu yamejaa, jua likapanda, maziwa yote yakachacha. Alipofika nyumbani akisukuma, jasho limemlowesha, baba alimwambia mbele yetu kwamba ameiua pikipiki kwa mizigo. Kisha akaongeza, “Batu ya milima munajua ng'ombe tu.” Ulimi hauna mfupa. Mama aliacha kupepeta maharage. Papa Gentille hakupandisha sauti. Alisema, “Maneno hiyo njo nilikimbia kule,” akaingia ndani. Tangu hapo mama na Mama Gentille walisalimiana kwa macho tu, na kabla ya juma kuisha waume wao wakakubaliana, kwa maneno machache sana, kuiuza.

Walikwenda Mbarara pamoja, nami nikapakiwa katikati yao kwa sababu nilikuwa nikiumwa sikio na nilihitaji daktari. Kila mlima tulishuka. Wanaume hao wawili walisukuma bega kwa bega bila kutazamana, nami nikifuata nyuma nimeshika sikio. Mjini tulisimama kwa fundi, ili aitazame kabla haijapata mnunuzi. Fundi alichungulia, akauliza tumeweka oili gani. Baba alipoitaja kwa fahari, yule fundi alitikisa kichwa, akimwita ssebo, yaani bwana.

“Hiyo ya gari, ssebo. Klachi ya gari inakaa kavu. Ya pikipiki inaoga ndani ya oili hii hii ya injini. Ukiweka hii laini, inateleza.”

Akamwaga yote, akaweka ya pikipiki, nzito kidogo, ya chupa ya kawaida. Papa Gentille akaijaribu hadi mwisho wa mtaa. Ikavuta. Alirudi akasimama mbele yetu, na hakuna aliyetaja tena habari ya mnunuzi. “Oili nilikosea,” baba alisema. “Na ile maneno nayo nilikosea.” Papa Gentille akajibu, “Oili imemwangika. Maneno itakawia.” Kisha akasogea nyuma kwenye kiti ili baba aendeshe kuelekea kwa daktari.

Yalikawia kweli. Hata hivyo wagombanao ndio wapatanao, na mvua za kwanza zilipoanguka Mama Gentille alituletea maziwa bila kuombwa. Walitumia pikipiki ile pamoja mpaka familia yao ilipopelekwa kuishi nchi ya mbali yenye baridi. Siku ya kuagana, baba alimshika mkono rafiki yake mpaka gari lilipopiga honi.

Leo ninaishi Mbarara, na nikirudi Nakivale naona pikipiki karibu kila mlango. Oili ya kila aina inauzwa hapo hapo Base Camp, na kila mtu huchagua yake bila kumwuliza mwingine. Ni nafuu kubwa, siikatai. Hakuna tena haja ya kugombana juu ya chupa ya oili, wala ya kupatana. Kijana aliyehamia kwenye nyumba ya Papa Gentille hupita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi ninapokuwa huko. Mlio wa pikipiki yake naujua vizuri. Ila nikitaka kumwamkia, sijui nimwite Papa nani.