Pampu Aliyoifunga Obura

Zedekiah Obura hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata kanisani goti lake lilitikisika mpaka mkewe, Kezia, alilikandamiza kwa kiganja. Lakini mwaka ule wa themanini na tatu mtikisiko ulizidi. Aliacha ugali nusu sahani, akatoka nje ya chumba chao cha mtaa wa Shauri Moyo, akasimama mlangoni akitega sikio upande wa sokoni.

Alikuwa akisikiliza trekta.

Obura alikuwa fundi wa mitambo katika yadi moja ndogo karibu na Makadara. Mwenye yadi alikuwa na trekta moja yenye ndoo ya chuma mbele, iliyozoa taka za soko na kuzipakia kwenye trela. Dereva wake alikuwa Wasike, mtu mpana wa mabega na mchache wa maneno. Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole, kwa sababu vichochoro vilikuwa vyembamba na vimejaa akina mama, vikapu na mikokoteni. Na hapo ndipo ugonjwa wa trekta ulipojificha. Injini ikizunguka kwa kasi, usukani uligeuka kwa kidole. Ikitulia, usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na ndoo ilipanda kwa kusitasita. Basi Wasike alipotaka kukata kona, ilimbidi akanyage mafuta. Injini ikanguruma, magurudumu yakakubali kugeuka, na trekta nayo ikachupa mbele.

Asubuhi moja ilichupa ikavunja meza ya Teresiah, muuza nyanya. Mama wa watu aliruka nyuma akaanguka, akachubuka kiwiko. Nyanya zilisambaa chini ya magurudumu.

"Huyu hajui kazi!" Johnson Ngigi, nyapara wa yadi, alifoka mbele ya watu wote. Siku hiyohiyo Wasike aliteremshwa kitini, akapewa sepetu, na dereva mwingine akakalia nafasi yake.

Obura alikuwapo, na hakusema neno. Neno alikuwa nalo. Miezi minane nyuma, pampu ya haidroli ya trekta, ile inayosukuma mafuta ya kugeuza usukani na kuinua ndoo, ilipokufa, ni yeye aliyefunga nyingine kuukuu, aliyoiokota kwenye rundo la vyuma katika soko la Gikomba. Mashimo ya bolti yalilingana, akafurahi. Aliona kabisa kwamba ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Akajiambia itatosha.

"Baba Aoko, rudi ule," Kezia alimwita mumewe kutoka ndani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Wiki ya tatu hii unazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Obura alirudi, akakaa, akasimama tena. "Kuna mtu anabeba mzigo wangu," alisema.

"Basi si uende ukamtue?"

Alitaka kwanza atengeneze, ndipo aseme. Kesho yake aliifungua trekta. Ngigi alimsimamia kichwani. "Kaza hiyo valvu, nguvu iongezeke."

"Nguvu ipo, nimeipima. Kinachopungua ni wingi wa mafuta. Injini ikienda polepole, hii pampu inachota kwa kikombe pale panapotakiwa sufuria."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaizungusha haraka zaidi."

Pampu ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Puli yake, yaani gurudumu linaloshika mkanda huo, ikiwa ndogo, itazunguka mara nyingi zaidi hata injini ikiwa imetulia. Obura akamkimbilia Dedan, mkereza vyuma wa Shauri Moyo, akasimama kando ya mashine mpaka puli mpya ikatoka ingali moto. Dedan alimwonya, "Umeifanya ndogo mno, bwana. Ukienda mbio je?" Obura alikwisha ondoka.

Ndani ya yadi usukani uligeuka laini, injini ikinong'ona tu. Hakungoja kujaribu zaidi. Akapanda mwenyewe, akaingia Jogoo Road kwa mwendo wa kasi, trela nyuma, Wasike na sepetu lake juu ya trela. Hawakufika mbali. Pampu ilipiga yowe, mafuta yakachemka na kutoa povu, sili, kile kizibo cha kuzuia mafuta yasivuje, ikapasuka. Trekta ikasimama ukingoni, inafuka moshi.

Wasike alishuka, akatazama mafuta yakidondoka. Obura alijikuta amesema kabla hajajipanga.

"Hii pampu niliifunga mimi. Nilijua ni ndogo. Wewe hukukosea."

"Ulijua siku ile meza ilipovunjika?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wasike aliweka sepetu begani, akarudi yadini kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Mchana huo Obura alimweleza Ngigi yote. Ngigi alifoka mpaka sauti ikamkauka, akampa onyo la mwisho, kisha akauliza, "Bado unaweza kuitengeneza?"

Safari hii Obura alijilazimisha kungoja. Dedan alikereza puli ya ukubwa wa kati. Obura akabadilisha sili, akaweka mpira mnene zaidi wa kuvuta mafuta, pampu isikaukiwe. Nusu siku nzima aliendesha injini kwa kasi, kila baada ya dakika chache akishika pampu kwa kiganja. Ilipata joto, lakini haikuunguza.

Alipoitwa kurudi kitini, Wasike alikataa, akamgeukia Obura. "Kwanza nenda kwa yule mama, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Obura alikwenda. Teresiah alimsikiliza akipanga nyanya. "Na mimi nilimtukana yule dereva mpaka ukoo wake," alisema. "Mwambie aje, tuongee."

Siku ya pili yake trekta iliingia kichochoroni taratibu, Wasike ameshika usukani kwa mkono mmoja, Obura akitembea mbele na kuwasogeza watu. Kona ya kwanza ilikatwa bila ngurumo. Ndoo nayo ilipanda, si haraka, lakini ilipanda.

"Nikigeuza huku nainua, ndoo inasita," Wasike alisema.

"Usifanye vyote viwili pamoja. Pampu bado ni ileile ndogo."

"Hayo ndiyo ungeniambia toka mwanzo."

Obura akausogeza mkokoteni uliokuwa njiani. Trekta ilifanya kazi vizuri, na Wasike aliendelea kula chakula chake cha mchana upande wa pili wa yadi, mbali na Obura, mpaka Desemba.