Chungwa la Mume wa Madamu Lan

Juzi, nikipita mbele ya duka moja la Etterbeek, hapa Brussels, harufu ya udi ilinirudisha kwenye sebule ya Madamu Lan, jirani yetu Mvietinamu tulipoishi Ganshoren, mtaa mwingine wa jiji hili.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alikuwa ametualika, mama na mimi. Aliweka wali, samaki na chungwa mbele ya picha ya mumewe, akawasha kijiti cha udi, kisha tukasubiri kiishe ndipo tule. Niliamini kwamba mume huyo alikuwa amechelewa kazini. Njaa iliponizidi, nikanyakua chungwa lake.

"We mutoto!" mama alifoka, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Unakula chakula ya muntu, na yeye anakuangalia?"

"Atarudi saa ngapi?" nikamuuliza Madamu Lan kwa Kifaransa.

Leo najua kwamba mumewe alizama baharini, walipokuwa wakiikimbia nchi yao baada ya vita, na kwamba hana kaburi. Siku ile Madamu Lan alilichukua chungwa mkononi mwangu. Akalimenya, akanipa nusu, nusu akairudisha sahanini, kisha akaiambia picha maneno machache kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayemtetea mtoto.